Alama ya Msumari Kwenye Mkanda wa Baba

Mama alipofariki tulikuwa tumebaki watoto wanne, na tuligawana vitu vyake kwa asubuhi moja bila maneno mengi. Mimi nilichukua sanduku la bati ambalo hakuna aliyelitaka, kwa kuwa bawaba yake moja ilikuwa imekatika. Nilipolifungua nyumbani kwangu nilikuta chini kabisa, chini ya kanga mbili na kitabu cha nyimbo za kanisani, mkanda wa ngozi uliozungushwa ukakazwa kwa uzi. Kabla sijaushika nilijua ni wa nani. Ulinukia ngozi ya ng'ombe, moshi wa kuni na kahawa ya maganda, ile harufu ya vumbi tamu isiyotoka ghalani hata lifagiliwe namna gani.

Niliunyoosha mezani nikauchunguza kwa utaratibu, kama ninavyofanya kwa kila kitu ninachotaka kukielewa. Una matundu matano. Matatu ni ya fundi: yapo karibu na ncha, yamepangwa sawasawa, kingo zake ni safi. Mawili ni ya baba: yapo ndani zaidi, yalitobolewa kwa msumari uliopashwa moto, na kingo zake zimeungua. Tundu la nje kabisa limevutika hadi likawa kama jicho la mbuzi. Tundu la pili la baba bado ni duara, maana halikutumika muda mrefu. Ndani zaidi yake, upana wa vidole viwili, kuna mkwaruzo mdogo wa msumari. Haukutoboa ngozi. Ni alama hiyo iliyonifanya nichukue kalamu, kwa sababu najua siku ilipowekwa na najua kwa nini haikuwa tundu.

Siku za Mwingereza baba alikuwa mpima kahawa katika ghala la wakulima, chini ya kijiji chetu, mahali ambapo barabara itokayo Himo inaanza kupanda mlima. Wakulima walileta kahawa kwa vichwa na kwa punda. Baba aliuweka mfuko mzanini, akasubiri mkono wa mzani utulie kabisa, kisha akatamka uzito kwa sauti. Sikumbuki mtu aliyemwomba apime mara ya pili. Watu walisema, "Kama Baba Manka amesema," na neno likaishia hapo. Manka ni mimi, mzaliwa wake wa kwanza.

Alikuwa pia mtu mnene kuliko wote niliowafahamu, na jambo hilo lilikuwa sehemu ya heshima yake. Kwetu unono ulikuwa ushahidi kwamba kihamba, shamba la migomba la nyumbani, kinazaa, kwamba ng'ombe wanakamuliwa na mke hana choyo. Mtu mwembamba aliulizwa anaumwa nini, na asipokuwa na jibu, watu walimtazama mkewe. Wakulima walimtania baba asogee mbali na mzani asije akapimwa pamoja na kahawa yao, naye alicheka mpaka mkanda ukalia. Hata fundi wa ngozi, Mwislamu mmoja wa mjini Moshi, alipomkabidhi mkanda ule alimwambia kwamba amemwachia nafasi ya kunenepa. Ya kukonda hakuiacha kwa sababu haitahitajika.

Mimi niliujua unono wake kwa pumzi. Nikitoka shule nilipitia ghalani, tukapanda pamoja hadi nyumbani. Alipumzika mara tatu: darajani, kwenye uzio wa misheni, na kwenye kona ya msesewe, ambako aliegemea shina huku jasho likimtoka kana kwamba amenyeshewa. Nilidhani kila mtu mzima mwenye heshima hupumua hivyo. Siku nyingine hakuweza kabisa, akasubiri lori.

Kisha ikaja miezi ambayo kichwa kilimuuma kila asubuhi. Siku moja ghalani macho yake yaliingia ukungu akashindwa kuusoma mzani, na jambo hilo lilimtisha kuliko maumivu. Alikwenda zahanati mjini, nami nikafuatana naye nikiwa nimebeba mkungu mdogo wa ndizi za kumpa mganga. Mganga alikuwa mtu wa pwani, mwenye miwani, mpole wa sauti. Alimfunga baba mpira mkononi, akaujaza upepo, akasikiliza, akaurudia tena. Halafu akamsimamisha kwenye mzani wake.

"Mzee, huumwi njaa," alisema. "Unaumwa shibe. Moyo wako ni mmoja, lakini kila siku unapandisha mlima watu wawili."

Alimweleza polepole kwamba damu yake inasukumwa kwa nguvu mno, na kwamba siku moja mshipa unaweza kupasuka kichwani, au moyo wenyewe ukachoka. Dawa alizokuwa nazo, alisema, hazishindi miguu yake mwenyewe na sahani yake mwenyewe. Aache mafuta ya ng'ombe na nyama iliyonona, aache sukari kwenye chai, pombe ya mbege asizidishe kata moja ya Jumapili, na lori asilipande tena. Atembee, polepole, kila siku, na kila mwezi arudi kupimwa.

Baba alitii kama alivyoutii mzani. Alikula ndizi za kuchemsha, maharage na mnavu, akala kidogo, akainuka kabla hajashiba. Watu waliomkaribisha mbege aliwaambia ameshakunywa, ingawa kwake huo ulikuwa uongo mkubwa. Jumamosi alishuka kwa miguu hadi kwenye shamba letu la mahindi la tambarare, upande wa Himo, akalima mwenyewe kazi ambayo zamani alimlipa kibarua. Haikuwa rahisi. Wiki za mwanzo, mara moja nilimkuta jikoni amesimama mbele ya chungu cha nyama, akinusa tu, amefumba macho. Lakini alivuka matundu ya fundi moja baada ya jingine, na yalipokwisha alipasha msumari akatoboa la kwake, kisha la pili. Pale njiani darajani hakusimama tena, wala kwenye msesewe. Alisimama kwenye uzio wa misheni tu, na hata hapo alisema anavipumzisha viatu. Maumivu ya kichwa yalikoma. Nilimsikia kwa mara ya kwanza akiimba huku anapanda.

Kijiji hakikufurahi pamoja naye. Mama alikuwa mjamzito, na watani wake ghalani walipata la kusema. "Mwenye mimba ni mkeo, mbona tumbo lililoshuka ni lako? Umezaa nini, Baba Manka?" Alicheka nao. Lakini wapo waliouliza kwa sauti ya chini ni nani amemroga, na wanawake sokoni walikuwa wakininyamazia ninapopita. Siku moja mmoja wao, jirani yetu, hakunyamaza haraka vya kutosha. Alikuwa akisema kwamba mwanamume akianza kukwisha namna ile, watoto waandaliwe.

Mdogo wangu wa kiume alizaliwa mwanzoni mwa msimu wa kahawa. Kwa desturi yetu mzazi hakutoka nyumbani miezi mitatu. Hakushika jembe wala kuni; kazi yake ilikuwa kunyonyesha, kulala na kula, ili siku ya kutoka aende sokoni amenawiri na watu waone alivyotunzwa. Bibi, mama yake baba, alihamia kwetu kumhudumia. Kila siku alimpikia mama mtori uliotiwa mafuta ya ng'ombe hadi ukang'aa, na siku damu ya ng'ombe ilipopatikana alimpikia mlaso. Chungu cha baba kilikuwa pembeni, ndizi na maharage yaliyopondwa, bila mafuta. Bibi alikipika huku akisonya. Hakuwahi kukubali maneno ya mganga, ila mwanawe alikuwa amemwomba, naye hakutaka kumvunjia neno. Kazi ya kupeleka mabakuli ilikuwa yangu: moja kwa mama chumbani, jingine kwa baba.

Hapa naomba msomaji aikumbuke akili ya mtoto wa miaka minane. Nilikuwa nimekulia kando ya mfereji. Maji yetu yalitoka juu msituni, yakagawanywa kwa zamu. Siku lango lilipofunguliwa kwa jirani, kwetu mfereji ulibaki tope na majani. Hakuna aliyehitaji kunifundisha kwamba maji yakizidi kihamba kimoja ni kwa sababu yamepungua kingine. Sasa nikawa natazama ndani ya nyumba yetu. Kila wiki mashavu ya mama yalijaa, mikono ikawa laini, na mtoto naye akanona. Kila wiki baba alipungua. Niliona wazi, kama nilivyouona mfereji, kwamba unono wa nyumba yetu ulikuwa mmoja, na lango lake lilikuwa limefunguliwa upande wa mama.

Jioni moja baba aliketi kwenye kizingiti, akaweka mkanda pajani, akaupima kwa vidole viwili na kuukwaruza kwa msumari.

"Bizimu ikifika hapa, Manka," aliniambia, "tutapanda mimi na wewe mpaka kwa shangazi yako, bila kusimama hata mara moja."

Shangazi aliishi juu kabisa, karibu na msitu. Baba alikuwa hajafika kwake tangu mimi sijajua kutembea. Ni yeye shangazi aliyekuwa akishuka. Leo naelewa kwamba alikuwa akinionyesha furaha yake. Siku ile niliitazama alama, nikatazama jinsi ilivyokuwa karibu na bizimu, nikahesabu ni nafasi ngapi zinabaki baada yake kabla baba hajakwisha.

Kesho yake nilianza. Mafuta ya mama yalikaa kwenye chungu kidogo kando ya mafiga, na Bibi alipotoka kukata majani ya ng'ombe nilikuwa na muda wa kutosha. Nilichota mwiko mmoja, nikautia kwenye bakuli la baba, nikakoroga mpaka mafuta yakapotea ndani ya ndizi. Asubuhi mwiko mmoja, jioni mwiko mmoja. Baadaye nikawa natia miwili. Sikukosa hata siku moja, maana tangu utoto nikianza jambo hulifanya kwa mpango.

Baba alikula akashangaa. Alisema, "Mtu huzoea. Hata bila mafuta chakula kimeanza kuwa kitamu." Alimsifu Bibi kwa mkono wake, na Bibi, aliyedhani anakejeliwa, alimgeuzia mgongo. Mimi nilikusanya mabakuli. Nilijiona ninayo kazi kubwa kuliko yao wote.

Mkanda ulikwama kwenye tundu la pili la msumari. Kisha ukarudi la kwanza. Baba hakuelewa. Aliongeza mwendo, akawa anaondoka alfajiri na kuzunguka kwa njia ndefu kabla ya kwenda ghalani. Alipunguza chakula kwa kukiacha bakulini, nami nikaongeza mafuta kwenye kilichobaki. Aliendelea kupanda kwa kituo kimoja, na kichwa hakikumuuma. Nalisema hili kwa makusudi. Kutembea kulikuwa kukimfaa hata pale mzani ulipokataa kusogea, na hakuwapo mtu wa kumwambia.

Mwezi ulipotimia tulikwenda kwa mganga. Baba alipanda kwenye mzani. Mganga alitazama, akatazama daftari lake, akavua miwani. Alimuuliza kwa upole kama anakula kwa siri. Baba alisema hapana. Mganga aliuliza habari za mbege na za nyama ya msiba na harusi. Baba alijibu moja baada ya jingine, hapana, hapana, kwa sauti ile ile aliyotumia ghalani.

"Mzani hausemi uongo, mzee," mganga alisema. "Wewe unalijua hilo kuliko mimi."

Baba alishuka mzanini. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na lazima niandike nilichofanya. Nilitabasamu. Nilikuwa nimesikia kwamba uzito umepanda, yaani maji yamefika. Baba aligeuka akaniona nikitabasamu, akatazama chini. Sijui aliuelewaje uso wangu. Nimejiuliza swali hilo mara nyingi kuliko jingine lolote maishani mwangu.

Tulirudi kwa lori. Baba mwenyewe ndiye aliyelisimamisha. Alikuwa mtu ambaye neno lake kuhusu uzito halijawahi kurudiwa, na sasa aliambiwa kwamba ama yeye ni mwongo au mwili wake ni mwongo, na mzani hakuweza kuulaumu kwa kuwa aliuamini kuliko watu. Nyumbani alimwita Bibi. Hakukasirika. Alisema, "Mama, mwili wangu hautaki. Nipikieni kama zamani." Bibi alishukuru Mungu kwa sauti, akaenda kuandaa nyama.

Siku ya mama kutoka, alivaa kanga mpya, akapakwa mafuta, akashuka sokoni akiwa amezungukwa na wanawake. Alikuwa amenawiri kweli. Baba alisimama nje ya ghala akiwa na mkanda kwenye tundu la nje kabisa, kata ya mbege mkononi, na wale wale waliokuwa wakimtania wakamshika mkono. Walisema nyumba ile sasa imeshiba pande zote mbili. Nilijiona kama mtu aliyegawa maji akamtosheleza kila mmoja.

Hakufika kwenye msimu wa pili. Alianguka ghalani mchana, mfuko ukiwa mzanini, kabla hajatamka uzito wake. Upande mmoja wa mwili ulikufa, na ulimi nao. Alilala siku tisa. Nilimlisha uji kwa kijiko, naye akanitazama kwa jicho moja lililokuwa bado linamtii, na mimi nilimtilia mafuta kidogo kwenye uji ule ili apate nguvu.

Baada ya kumzika shule yangu ilikwisha. Nilijifunza mengine mwenyewe, kwa vitabu vilivyokwisha kuchanika vya sokoni Moshi, nikivisoma ukurasa mmoja mmoja na kuandika maneno mapya pembeni. Nilikuwa tayari mke wa mtu nilipopata kijitabu cha afya kilichoeleza presha, moyo na mafuta. Nilikisoma hadi mwisho, nikarudi mwanzo. Kisha nilitoka nje nikaenda kusimama kando ya mfereji.

Sidai kwamba miiko yangu peke yake ilimuua baba. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba mtu aliyebeba uzito ule kwa miaka mingi anaweza kuanguka hata baada ya kuanza kujiponya. Lakini najua alikuwa njiani, najua alikuwa amepanda hadi wapi, na najua ni nani aliyemgeuza. Najua pia kwamba alikufa akijiamini mwongo, au akiamini kwamba juhudi haina malipo. Neno langu moja lingemwondolea yote mawili. Kwanza sikulisema kwa sababu sikujua. Baadaye nilijua, na hapakuwa na wa kuambiwa isipokuwa mama.

Nilimwambia mama akiwa amekwisha zeeka, tukichambua maharage barazani. Nilimweleza kila kitu kwa mpangilio, kuanzia sokoni hadi kijiko cha uji. Hakuniangalia. Mikono yake iliendelea kuchambua.

"Mafuta yangu yalikuwa yakipungua, niliona," alisema. "Nilidhani unayala wewe. Nikasema moyoni, mtoto ana njaa, wacha ale. Sikumwambia bibi yako asije akakuchapa."

Kuku walikuja wakadonoa maharage mabovu miguuni petu. Kisha alisema, "Kumbe." Hakuniambia kwamba ameuhifadhi mkanda.

Sasa nina umri ambao baba hakuufikia, na mwili wangu umefuata wake. Daktari amenifunga mpira mkononi, naye amesema yale yale, kwa maneno mengine. Nimeacha mafuta. Ninatembea kila asubuhi, na nikitembea huuvaa mkanda ule juu ya gauni. Nilianza kwenye tundu la jicho la mbuzi. Wiki iliyopita bizimu iliingia kwenye tundu la pili la msumari, lile la duara, nami nikapanda hadi pale ilipokuwa nyumba ya shangazi. Hakuna nyumba tena, ni kahawa ya watu. Nilisimama mara mbili njiani.

Niliporudi nilipasha msumari kwenye makaa. Niliuweka juu ya ile alama, nikaushikilia hapo bila kubonyeza hadi ukapoa. Nikitaka kupungua zaidi ya hapo nitanunua mkanda mwingine. Tundu lile lilikuwa lake.